William Branham na mwaka 1977: uchambuzi wa siku za mwisho zilizokuwa zikihama

William Branham, mhubiri Mmarekani wa uponyaji ambaye wafuasi wake walimwita nabii, alifariki tarehe 24 Desemba 1965 huko Amarillo, Texas, siku sita baada ya gari lake kugongwa uso kwa uso na dereva mlevi karibu na mji mdogo wa Friona. Ibada ya mazishi ilifanyika Jeffersonville, Indiana, tarehe 29. Hata hivyo mwili haukuteremshwa kaburini hadi tarehe 11 Aprili 1966, Jumatatu ya Pasaka. Familia ilitoa sababu za kawaida: mjane wake, Meda, alikuwa ameumia katika ajali ileile, na ilibidi kwanza iamuliwe kama kaburi liwe Arizona au Indiana. Waumini wengi walikuwa na sababu yao. Walitarajia kwamba Pasaka ile nabii angefufuka.

Watu wale hawakulala siku moja wakaamka wakiamini hivyo. Walifikishwa pale hatua kwa hatua, kwa muda wa miaka kama kumi, na mafundisho ya siku za mwisho yaliyokuwa yakibadilika mbele ya macho yao bila wao kuona badiliko lenyewe. Wahubiri wengi wa mwisho wa dunia husogeza tarehe. William Miller wa New York alingoja hadi Machi 1844, ikapita, na wenzake wakaipeleka hadi tarehe 22 Oktoba mwaka huohuo. Branham alisogeza mahali pa kutazama. Kwanza waumini walielekezwa kutazama matukio ya dunia, kisha Marekani, kisha historia ya Kanisa, na mwishowe yeye mwenyewe. Kila alipohama, alichokisema kiliwawia watu vigumu zaidi kukipima, na ndiyo sababu kundi lake lilivuka mwaka 1977, mwaka aliokuwa ameutaja kuwa mwisho wa mifumo ya dunia, likiwa bado limesimama.

Kabla ya yote alikuwa mponyaji

Alizaliwa mwaka 1909 Kentucky, akakulia kusini mwa Indiana katika umaskini, na shule hakufika mbali. Mwaka 1933 alijenga kanisa dogo Jeffersonville, ng'ambo ya mto Ohio mkabala na Louisville. Jina lake lilivuma baada ya 1946, aliposema kwamba mwezi Mei mwaka huo alitembelewa na malaika aliyempa karama ya kuponya. Ndani ya miaka michache akawa kinara wa uamsho wa uponyaji uliofuata Vita vya Pili vya Dunia. Gordon Lindsay alianzisha jarida la The Voice of Healing mwaka 1948 hasa kwa ajili ya kuitangaza huduma yake. Picha iliyopigwa Houston mwezi Januari 1950, yenye doa la mwanga juu ya kichwa chake, hadi leo inatundikwa ukutani na waumini wake.

Katika miaka hiyo siku za mwisho zilikuwa pembeni. Alizitaja kama alivyozitaja mhubiri yeyote wa Kipentekoste: Bwana yu karibu, tubuni. Watu walikuja na wagonjwa wao, na wachungaji wa madhehebu mbalimbali waliweza kukaa naye jukwaa moja kwa kuwa hakuwa akifundisha jambo la kuwatenganisha.

Katikati ya miaka ya 1950 wimbi lile lilishuka. Mahudhurio yalipungua, na mwaka 1956 mamlaka ya kodi ya Marekani ilimfungulia shauri ambalo baadaye lilimalizwa nje ya mahakama kwa makubaliano ya kulipa dola 40,000. Sisemi kwamba aligeukia mafundisho ya mwisho wa dunia ili kutafuta pesa. Waliomjua wanasema aliishi maisha ya kawaida, na hiyo hoja ya pesa ni nyepesi mno kubeba kisa hiki. Ninachosema ni kwamba mafundisho mazito ya siku za mwisho yalianza pale umati ulipopungua na wasikilizaji waliobaki wakawa watu wake wa ndani, walio tayari kusikiliza saa tatu mfululizo.

Maono ya 1933, yaliyosimuliwa baadaye

Msingi wa kila kitu ni maono saba ambayo Branham alisema aliyapata mwezi Juni 1933. Mussolini angeivamia Ethiopia, kisha afe kifo cha aibu mikononi mwa watu wake. Marekani ingepambana na Ujerumani ya Hitler kwenye ngome kubwa ya zege. Kati ya ufashisti, unazi na ukomunisti, wa mwisho ungemeza mingine yote. Magari yangechukua umbo la yai na hatimaye kujiendesha yenyewe. Wanawake wangeporomoka kimaadili. Mwanamke mrembo mwenye moyo wa ukatili angepata mamlaka juu ya Marekani. Mwisho wa yote, nchi ile ingebaki magofu yanayofuka moshi.

Orodha hiyo inamtisha msikilizaji kwa sababu ya mpangilio wake: ya kwanza yametimia, basi na yaliyobaki yatatimia. Nguvu yake yote iko hapo. Lakini kanda za kwanza za sauti ya Branham zilizohifadhiwa ni za mwaka 1947. Mussolini alishambulia Ethiopia Oktoba 1935 na aliuawa Aprili 1945. Kwa hiyo msikilizaji wa miaka ya 1950 aliyesikia maono haya yakisimuliwa alikuwa akisikia mambo ambayo tayari yalikuwa historia, pamoja na mengine ambayo hayajatokea, yote yakiwa yamefungwa kwenye furushi moja lenye alama ya 1933. Sehemu inayoweza kuthibitika ilikuwa imeshapita kabla ya kurekodiwa, na sehemu iliyobaki ilikuwa ya mbele.

Usimulizi wenyewe haukutulia. Mpangilio wa maono ulibadilika kutoka hubiri moja hadi jingine, na maelezo yaliongezeka kadiri dunia ilivyotoa habari mpya. Yule mwanamke mrembo ndiye mfano mzuri zaidi. Mara ni mwanamke halisi atakayetawala, mara huenda ni Kanisa Katoliki. John Kennedy, Mkatoliki, aliposhinda uchaguzi wa Novemba 1960, Branham aliunganisha ushindi huo na maono ya 1933 na kura za wanawake. Kennedy akauawa Novemba 1963, na mwanamke yule akabaki pale pale akimsubiri mwenye sura ya kufanana naye. Maono ya namna hii hayakosei, kwa sababu hayajawahi kufungwa kwa mtu mmoja.

Kuna na jambo la mto. Branham alisimulia kwamba Juni 1933, alipokuwa akibatiza katika mto Ohio mbele ya umati mkubwa, sauti kutoka juu ilimwambia kwamba kama Yohana Mbatizaji alivyotangulia kuja kwa kwanza kwa Kristo, ndivyo ujumbe wake utakavyotangulia kuja kwa pili. Gazeti la Jeffersonville la wakati ule liliripoti mkutano wake, na habari yake ilikuwa kwamba watu 14 wameokoka. Simaanishi kwamba mwandishi wa habari wa mji mdogo angeweza kusikia sauti ya mbinguni. Ila huwezi kulitaja gazeti kama shahidi, kisha ukalikataa linapoleta ushahidi mwembamba kuliko ule uliousimulia.

Kutoka Marekani hadi kwenye chati

Mwaka 1956 alihubiri kwamba huo ndio mwaka wa Marekani kuamua, kuipokea neema au kuikataa. Mwaka ukapita. Kilichofuata ni tamko kwamba Marekani imeshaikataa. Sitakaa sana hapa, ila angalia umbo la dai lenyewe: hukumu imetolewa mahali pasipoonekana, na hakuna tukio lolote duniani ambalo lingeweza kuonyesha kwamba haikutolewa. Baada ya magari na majeshi, hili lilikuwa dai la aina mpya kabisa.

Hatua kubwa ilikuja kati ya tarehe 4 na 11 Desemba 1960, alipofundisha Nyakati Saba za Kanisa katika kanisa lake la Jeffersonville. Barua saba za Ufunuo sura ya 2 na ya 3 zikawa vipindi saba vya historia, kila kimoja na mjumbe wake: Efeso kuanzia mwaka 53 hadi 170 na mjumbe Paulo, Smirna hadi 312, Irenaeus; Pergamo hadi 606, Martin wa Tours; Thiatira hadi 1520, Columba; Sardi hadi 1750, Luther; Filadelfia hadi 1906, Wesley; kisha Laodikia, kuanzia 1906, mwaka wa uamsho wa Kipentekoste wa Azusa Street, Los Angeles, hadi mwisho.

Miaka hiyo, isipokuwa michache ya pembeni, si yake. Clarence Larkin, mchungaji wa Kibaptisti aliyekuwa fundi wa michoro na aliyekufa mwaka 1924, alikuwa amekwisha kuchora mgawanyo uleule: 170, 312, 606, 1520, 1750. Hakuna dhambi kuazima chati. Wachungaji huazima kila wiki. Shida ni kwamba fundisho hili lilitolewa kama ufunuo, na kile Branham alichokiongeza, yaani wajumbe, hakikai vizuri juu ya miaka aliyoikuta.

Mchukue Columba. Ndiye mmisionari wa Ireland aliyehamia kisiwa cha Iona, Scotland, mwaka 563, na alifariki mwaka 597. Kipindi chake kwenye chati kinaanza mwaka 606. Mjumbe wa kipindi cha miaka zaidi ya 900 alikuwa kaburini kwa miaka tisa kabla kipindi hakijaanza. Waumini hujibu kwamba mjumbe hutokea mwishoni mwa kipindi kimoja ili afungue kinachofuata, na jibu hilo lingekubalika kama lingefanya kazi kila mahali. Martin wa Tours alizaliwa baada ya 312 na akafa 397, ndani ya kipindi chake mwenyewe. Luther alibandika hoja zake mwaka 1517, miaka mitatu kabla ya mpaka. Wesley alikuwa tayari anahubiri mashambani kabla ya 1750 na akaendelea hadi 1791. Kila mjumbe anahitaji kanuni yake ya kumkalisha. Anayeitazama chati kwa makini ataona kwamba wale sita wa mwanzo wapo ili kuandaa kiti cha wa saba.

Na wa saba hakutajwa. Branham alieleza tu atakavyokuwa: atakuja katika roho ya Eliya kama ilivyoahidiwa katika Malaki 4, atakuwa mtu wa nyikani, hatakuwa msomi, atawakemea wanawake wenye maadili mabaya, madhehebu yatamchukia. Aliyekuwa akiyasema haya alikuwa mwindaji aliyejulikana kwa kupenda milima, asiye na elimu kubwa, aliyekemea nywele fupi na nguo za wanawake karibu kila ibada. Msikilizaji aliachiwa kumalizia sentensi mwenyewe. Binafsi naona huu ndio ustadi mkubwa kuliko wote katika kisa chote. Mtu akikwambia kwamba yeye ni Eliya, utambishia; ukiling'amua mwenyewe ukiwa kwenye benchi, utalitetea maisha yako yote kwa kuwa ni ugunduzi wako.

Miaka saba, au mitatu na nusu?

Mwishoni mwa Julai na mwanzoni mwa Agosti 1961 alifundisha majuma sabini ya Danieli sura ya 9. Katika fundisho hilo majuma 69 yamekwisha, na limebaki juma moja zima, yaani miaka saba, ambalo Mungu atashughulika na Israeli baada ya Kanisa kunyakuliwa, yaani kuchukuliwa mbinguni. Hilo ndilo fundisho la kawaida la wainjilisti wengi wa Marekani wa wakati ule, na pia liko kwa Larkin.

Machi 1963 alipofika kwenye Mihuri Saba ya kitabu cha Ufunuo, hesabu ilikuwa tofauti. Kwa Israeli sasa ilibaki nusu ya juma tu, miaka mitatu na nusu, kwa maana nusu ya kwanza ilikwisha kutimizwa na huduma ya Kristo mwenyewe kabla hajasulubiwa. Wapo wataalamu wa Biblia wanaoisoma Danieli hivyo na wana hoja zao. Lakini mtu aliyesema anapokea maana ya maandiko kutoka kwa malaika alikuwa ametoa majibu mawili kwa swali moja ndani ya miezi ishirini, na la kwanza hakulifuta hadharani. Lilibaki kwenye kanda, likauzwa sambamba na la pili.

Badiliko hili si dogo kama linavyoonekana. Kama mwisho wa yote ni 1977, juma zima linahitaji unyakuo uwe umetokea kufikia 1970 hivi. Nusu juma linausogeza hadi 1973 au 1974. Hesabu hiyo ni yangu, lakini mtu yeyote mwenye kalamu angeifanya, na ndani ya makanisa yake kalamu hazikukosekana.

Mihuri yenyewe ilihubiriwa kuanzia tarehe 17 hadi 24 Machi 1963. Kabla yake Branham alikuwa amehamia Tucson, Arizona, na alisema kwamba akiwa mawindoni katika mlima Sunset alitembelewa na malaika saba waliomrudisha Jeffersonville kuifungua mihuri. Jioni ya tarehe 28 Februari 1963 wingu la ajabu lenye umbo la pete lilikuwa limeonekana juu ya Flagstaff, na picha yake ikatoka katika jarida la Life tarehe 17 Mei. Branham akalitambulisha wingu hilo kuwa ndio wale malaika wakiondoka. Aliwaambia waumini waigeuze picha upande wa kulia, wataona uso wa Kristo.

James McDonald, mtaalamu wa hali ya hewa wa Chuo Kikuu cha Arizona, alilichunguza wingu lile na kukadiria kwamba lilikuwa juu zaidi ya kilomita 40, kimo ambacho mawingu ya kawaida hayafiki. Waumini hulitaja kadirio hilo kwa furaha. Huwa hawalitaji jambo la pili, kwamba siku hiyohiyo roketi ya aina ya Thor iliharibiwa angani baada ya kurushwa kutoka kituo cha Vandenberg, California. Tena Flagstaff iko kaskazini mwa Arizona, na mlima Sunset aliousema uko mbali kusini, upande wa Tucson. Na tarehe 4 Machi, siku nne baada ya wingu, kanda inamwonyesha akihubiri Houston. Wakosoaji waliolinganisha safari zake wanasema mawindo yale yalikuwa baada ya hapo, kwa hiyo malaika wangekuwa wameondoka kabla hawajafika.

Usiku wa mwisho, muhuri wa saba, alisema siri yake haijafunuliwa kikamilifu, na akaihusisha na zile ngurumo saba za Ufunuo 10 ambazo Yohana alikatazwa kuziandika. Hapo akaacha mlango wazi. Mwaka 1964, baraguma saba za Ufunuo zilizokuwa zikisubiriwa kwa hamu ziliwekwa kando kwa maelezo kwamba ni za Israeli, wala Bibi-arusi, yaani waumini watakaonyakuliwa, hazimhusu.

Mwaka wa mwisho

Mwaka 1965 ulibeba mambo matatu, na yanavutana.

La kwanza ni kitabu cha Nyakati Saba za Kanisa, kilichoandaliwa kwa msaada wa Lee Vayle. Humo Branham anasema kwamba kwa kuzingatia yale maono saba, yote yatakuwa yametimia kufikia 1977. Anaongeza tahadhari: anatabiri, yaani anakadiria tu yatakayotokea, hatoi unabii. Lakini kurasa hizohizo zinasema kwamba anaamini hivyo kama mwanafunzi wa Neno na pia kwa uvuvio wa Mungu, na kwamba 1977 unapaswa kukomesha mifumo ya dunia na kuingiza utawala wa miaka elfu. Kuhusu Mathayo 24:36, anajibu kwamba Yesu alizuia kujua siku na saa, hakuzuia kujua mwaka. Hoja hiyo inanishangaza kila nikiikumbuka. Mhubiri aliyewakemea wasomi kwa kuchezea maandiko alipenya katikati ya siku na saa kama wakili anayetafuta tundu kwenye mkataba.

Tahadhari ile ilifanya kazi mara mbili. Kabla ya 1977 hakuna aliyeikumbuka. Mwaka ulitajwa kwa uzito wa nabii. Baada ya 1977 hakuna aliyekumbuka kitu kingine isipokuwa tahadhari. Kumbukumbu la Torati 18:22 linaweka kipimo cha neno lililonenwa kwa jina la Bwana lisipotimia, na neno moja dogo kuhusu kutabiri lilimtoa Branham nje ya mizani hiyo kabla hajapandishwa.

La pili ni Los Angeles. Tarehe 29 Aprili 1965 alihubiri katika mji huo na kutangaza kwamba utazama baharini. Mwaka mmoja kabla, Ijumaa Kuu ya 1964, tetemeko la ukubwa wa 9.2 lilikuwa limeipiga Alaska, na pwani yote ya magharibi ilikuwa na hofu. Wafuasi husimulia zaidi, kwamba alimwambia mwanawe Billy Paul hatazeeka kabla papa hawajaogelea mahali walipokuwa wamesimama. Upande wa magharibi wa ufa wa San Andreas unasogea kaskazini-magharibi, kama sentimita nne au tano kwa mwaka; ardhi ile inateleza kando kuelekea San Francisco, haielekei kudidimia baharini. Unabii huu hauna mwaka, hivyo bado unahubiriwa, na kila tetemeko la California huuamsha.

La tatu halikuwa na kelele, nami naliona kuwa zito kuliko yote. Tarehe 4 Desemba 1965, huko Yuma, Arizona, alihubiri kuhusu unyakuo. Paulo katika 1 Wathesalonike 4:16 anasema Bwana atashuka na mwaliko, na sauti ya malaika mkuu, na parapanda ya Mungu. Branham aliyatenganisha mambo hayo matatu kwa mfuatano wa wakati, na akafundisha kwamba mwaliko ni ujumbe unaotangulia kuwaandaa watu; sauti ndiyo inayowafufua waliolala, na parapanda inafuata.

Kama mwaliko ni ujumbe, na ujumbe ni ule unaohubiriwa kutoka Jeffersonville na Tucson, basi kushuka kwa Bwana kumekwisha kuanza. Hakuna tena tukio la mbele la kusubiri kama kipimo cha kwanza. Hatua ya kwanza imekwisha kutokea, na ushahidi wake ni hubiri unalolisikiliza. Kutoka kwenye magari yenye umbo la yai, siku za mwisho zilikuwa zimesafiri hadi kuwa sauti ya mtu mmoja. Siku kumi na nne baadaye alikuwa kwenye barabara ya Friona.

Sasa ile subira ya Pasaka inaeleweka. Kama yeye ndiye mjumbe wa wakati wa mwisho, na wakati huo haujaisha hadi 1977, anawezaje kufa 1965 kwa kugongwa na mlevi? Fundisho lenyewe lilidai arudi. Waliposhindwa kumwona akifufuka, wengi walielekeza tumaini lao kwenye maono yake ya hema kubwa, ambamo alisema aliona huduma ya mwisho yenye nguvu kuliko zote, na ambayo hakuwahi kuifanya akiwa hai.

Baada ya 1977

Mwaka ulipoingia na kutoka, majibu yalikuwa mengi. Alitabiri tu, hakutoa unabii. Kalenda yetu imekosea. Kuna kitu kiliisha 1977 katika ulimwengu wa roho, mlango wa wokovu kwa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, ulifungwa, ila wenye macho ya mwili hawakuona. Kila jibu lilikuwa limeshapandwa na Branham mwenyewe: la kwanza katika kitabu, la mwisho katika lile tamko lililofuata mwaka 1956 kuhusu Marekani iliyohukumiwa bila mtu kuona. Wafuasi hawakuhitaji kubuni kitu.

Wakosoaji wengine hapa hupenda kumwingiza Jim Jones, kwa sababu ndiye aliyeandaa mkutano wa Indianapolis wa Juni 1956 ambao Branham alikuwa mhubiri wake mkuu, na kwa sababu ya zaidi ya watu 900 waliokufa Guyana mwaka 1978. Sioni haki katika hilo. Mhubiri maarufu hualikwa na watu wa kila aina, na kisa cha Branham kina uzito wa kutosha bila kuazima maiti za mwingine.

Kinachoonekana zaidi ni mgawanyiko. Lee Vayle na waliomfuata walilishika hubiri la Yuma na kufundisha kwamba Kristo amekwisha kuwapo kupitia Ujumbe, kama wafuasi wanavyoyaita mafundisho ya Branham. Wengine walizishika ngurumo saba za 1963 na kusema zimefunuliwa, au zitafunuliwa na mhubiri wao. Ewald Frank wa Krefeld, Ujerumani, alizipinga pande hizo na kusisitiza kuja kwa Bwana kwa mwili kama Biblia inavyosema. Wapo waliomwita Branham mwana wa Adamu aliyefunuliwa, na wapo waliorudi kwenye makanisa ya kawaida ya Kipentekoste wakabaki na picha tu. Wote wanamnukuu mtu mmoja, na wote wananukuu sawasawa. Kila kundi limechagua mwaka wake.

Jeffersonville yenyewe ilichagua kanda zote kwa pamoja. Shirika la Voice of God Recordings, chini ya mwanawe Joseph Branham, limehifadhi mahubiri zaidi ya 1,100 na kuyasambaza kwa lugha nyingi, Kiswahili kikiwemo. Mkazo wake wa miaka ya karibuni ni kwamba ibadani ipigwe kanda, kwa kuwa sauti iliyo kwenye kanda ndiyo sauti ya Mungu kwa kizazi hiki. Wachungaji wa Ujumbe wanaohubiri wenyewe wamegombana na msimamo huo waziwazi. Kanisa likipiga ile ya Agosti 1961, waumini watasikia kwamba Israeli imebakiwa na miaka saba. Wakipiga ya Machi 1963 watasikia mitatu na nusu.